Kabati la nje linabana, linapasuka, linabinuka: tafuta chanzo kabla ya kushika randa

Mteja akipiga simu kwamba kabati la barazani limegoma kufunguka, mafundi wengi tunakimbilia randa. Tunapunguza milimita tatu ukingoni, mlango unafunguka, tunalipwa, tunaondoka. Kiangazi kikiingia, mlango uleule una mwanya wa kupitisha kidole, na mvua za vuli zinapiga moja kwa moja kwenye viatu vilivyomo ndani. Mteja haelewi, na fundi mwingine akija baada yako anapigilia kipande cha mbao kuziba mwanya. Masika yanayofuata mlango haufunguki kabisa.

Kila kasoro ya samani ya nje inasema kitu. Mbao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa maisha yake yote. Ikinyonya hupanuka, ikitoa husinyaa. Gundi haiwezi kuizuia. Skrubu haziwezi. Vanishi inachelewesha tu. Kazi ya fundi ni kuiamulia mbao ielekee wapi, na ufa, mbano au mwanya ni alama ya mahali mbao ilipotaka kwenda ikakuta njia imefungwa. Ukisoma alama hiyo vizuri utarekebisha mara moja. Usipoisoma utarudi kila msimu.

Mbao inakwenda upande gani, na kwa kiasi gani

Kwa urefu wake mbao karibu haibadiliki. Ubao mkavu wa mita 2 hauwezi kukusumbua hata kwa milimita moja. Mambo yote yako kwenye upana. Angalia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno. Pete za mti zikiwa zimelala kama upinde, karibu sambamba na uso wa ubao, ubao huo utasogea karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima. Kwa hiyo mbao mbili za 1x8 (unene inchi 1, upana inchi 8) kutoka gogo moja zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa, na kichwa cha ubao kinakuonyesha hilo kabla hujalipa.

Kwa paini yenye pete zilizolala, hesabu yangu ni hii: unyevu wa mbao ukibadilika kwa asilimia 4, upana unabadilika kwa asilimia 1. Msaji, ambao wengi tunauita mtiki, ni mpole zaidi. Badala ya asilimia 1 weka robo tatu yake. Mninga na mkongo ni watulivu sana, na ndiyo maana wazee walivipenda vifanye milango. Mkaratusi ni mkorofi, na kwa samani ya nje yenye mlango au kifuniko mimi siutumii.

Sasa weka mahali. Hapa Tanga, karibu na bahari, mbao iliyokaa chini ya paa bila kunyeshewa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Dodoma kiangazi inashuka hadi karibu 10. Safari ya lori ya siku moja tu, na mbao imehamia hewa nyingine.

Nilijifunza hili kwa sanduku la benchi, lile la kukalia juu na kuweka matakia ndani. Nililitengeneza Mei, masika yakiwa yamekolea. Kifuniko kilikuwa mbao tano za msaji zilizogundishwa, upana milimita 600, na chini yake mbao tatu za kukingama, kila moja nikaikaza kwa skrubu sita bila huruma. Lilikuwa zuri. Juni likaenda Dodoma. Agosti dada aliyelinunua akanipigia: “Kaka fundi, usiku tumesikia mlio kama tawi limevunjika, asubuhi tukakuta kifuniko kimepasuka.” Nikamwomba apige picha kwa karibu. Ufa ulianzia kwenye kichwa cha ubao wa tatu na kuingia ndani kama futi moja na nusu, na mwanzoni alichomeka kisu cha mezani kikasimama chenyewe. Piga hesabu: milimita 600, unyevu umeshuka kwa asilimia 5, msaji ulitaka kusinyaa karibu milimita 6. Mbao zangu za kukingama hazifupiki, skrubu zangu hazikuruhusu hata milimita moja, kwa hiyo kifuniko kilijikata chenyewe. Nitarudi kwenye sanduku hilo.

Kabla ya kulaumu mbao

Kuna kasoro zinazofanana na mbao kusogea lakini si zenyewe. Zitoe kwanza njiani.

Weka pima maji juu ya kabati, kisha pima ulalo mbele, kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, kabati limekaa upande: mguu mmoja umezama au sakafu ina mteremko. Chomeka kabari chini ya mguu, pima tena, na mara nyingi mlango utafunguka bila kuguswa. Halafu shika mlango upande wa kitasa, unyanyue kwa mkono. Ukicheza, tatizo ni bawaba. Ikiwa kabati ni la plaiwudi au ubao wa vumbi na kingo zimevimba kama mkate, hiyo ni gundi iliyolowa ikaachia. Haitarudi hata ukauke mwaka mzima, kata sehemu hiyo uitupe.

Baada ya hapo chukua penseli. Ndani ya mlango, mahali pasipoonekana, andika upana wake juu, katikati na chini, pamoja na tarehe. Mimi huandika kwenye kila kazi siku ninayoikabidhi. Miezi minne baadaye namba hizo zinamaliza ubishi wote kati yako na mteja.

Mlango unabana mvua zikianza

Angalia unabana wapi hasa. Paka chaki ukingoni, funga, fungua, tazama ilipofutika.

Chaki ikifutika upande wote wa kitasa kwa usawa, mbao imepanuka. Ikifutika kona ya juu tu, mlango umening'inia, rudi kwenye bawaba. Ikifutika chini tu, kichwa cha mbao za mlango kinakunywa maji yanayoruka kutoka sakafuni; kikaushe, kipake rangi au epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili, isiyopitisha maji) mara tatu, na uinue mlango angalau inchi mbili kutoka chini.

Ikiwa ni kupanuka, swali linalofuata ni tarehe. Ukipiga randa Mei, mlango uko kwenye upana wake mkubwa kuliko wakati wote wa mwaka. Ondoa kiasi cha kuacha nafasi ya milimita moja au mbili tu, basi. Ukipiga randa au kutengeneza mlango mpya Februari, joto likiwa kali, lazima uache zaidi. Mlango wa paini wa upana wa milimita 500 uliogundishwa kuwa kipande kimoja unaweza kupanuka milimita 5 hapa pwani kabla ya masika kwisha. Ukingo ulioupiga randa upake mafuta au rangi siku hiyohiyo, kwa maana umefungua mlango wa maji kuingia.

Lakini hiyo ni tiba ya juu juu. Mlango wa kabati la nje haufai kuwa kipande kimoja kilichogundishwa. Tengeneza kwa mbao nyembamba zilizosimama, zenye mwanya kati yake, kila ubao ukishikwa kwa skrubu moja katikati ya upana wake kwenye kila mbao ya kukingama. Tazama kinachotokea. Mlango wa mbao tano za milimita 100: kila ubao unapanuka kutoka katikati yake, nusu kushoto, nusu kulia, na inayobeba ukubwa wa mlango ni mbao ya kukingama, ambayo urefu wake haubadiliki. Kila ubao ukipanuka milimita moja, mianya ya katikati inameza yote, na upana mzima wa mlango unaongezeka milimita moja tu: nusu huku, nusu kule. Kwa mbao zilezile, mvua ileile, umetoka milimita 5 hadi 1. Sijui tiba nyingine ya useremala yenye faida kubwa hivi kwa kazi ndogo hivi.

Mwanya uwe kiasi gani? Kwa mbao kavu za kiangazi, chomeka msumari wa inchi 2 kati ya mbao unapozipanga, ni karibu milimita 3. Kwa mbao za 1x6 tumia msumari wa inchi 3. Ikiwa unapanga masika na mbao zimejaa unyevu, ziweke zigusane. Kiangazi kitafungua mianya chenyewe. Na kama hutaki mtu aone ndani, kata ulimi upande mmoja wa ubao na mfereji upande wa pili, ulimi uingie nusu tu. Usitie gundi humo. Nimeona kazi nzuri ya ulimi na mfereji ikaharibiwa na gundi iliyotiwa kwa nia njema.

Mafundi wa majahazi wanaijua tabia hii kuliko sisi wa samani. Chombo kilichokaa nchi kavu muda mrefu huvuja siku za kwanza kikishushwa majini, hata kama kimetiwa kalafati (pamba ya kuzibia mianya ya mbao), mpaka mbao zinywe na kubanana. Wao wanautumia upanuko ule kuziba. Sisi tunaupinga.

Ufa

Usiweke puti kwanza. Tafadhali. Puti ikiwekwa kiangazi kwenye ufa uliofunguka inakuwa kabari: masika mbao inataka kurudi, inakuta pamejaa, inasukuma, na ufa mpya unatokea pembeni.

Tazama ufa umepita wapi. Ukifuata mstari wa gundi, ulionyooka, safi, bila nyuzi za mbao kushikamana upande wa pili, basi gundi ndiyo imeshindwa. Mara nyingi ni gundi nyeupe ya kawaida, ambayo si ya nje. Fungua kabisa, safisha hadi mbao tupu, gundisha upya kwa gundi ya poliyurithani au epoksi. Ufa ukipita ndani ya mbao yenyewe, ukifuata nyuzi, gundi imefanya kazi yake. Mbao imezuiwa mahali. Tafuta kinachoizuia: safu za skrubu kwenye mbao za kukingama, kipande kilichogundishwa kukingama kwenye kichwa ili kuficha pete, au fremu iliyobana paneli kwa misumari pande zote.

Tiba ni ileile kila mara: bakiza pointi moja ya kushika, zilizobaki ziwe huru. Toa skrubu zote. Ya katikati irudi kwenye tundu lake la duara. Za pembeni, tundu la kwenye mbao ya kukingama lirefushwe kuelekea upana wa kifuniko: toboa matundu mawili au matatu yanayogusana, yasafishe kwa patasi nyembamba hadi upate tundu refu la milimita 12 kwa skrubu ya milimita 5. Weka washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, chini ya kichwa cha skrubu. Kaza hadi washa iguse, kisha rudisha robo mzunguko. Ukishika washa kwa kidole inapaswa kusogea kwa shida kidogo. Hapo mbao inateleza.

Kuna ufa wa aina nyingine, mfupi, wa inchi moja au mbili, kwenye vichwa vya mbao, mara nyingi mitatu minne kwa pamoja kama mikunjo ya jicho. Huo hautokani na kuzuiwa. Kichwa cha ubao kinapumua haraka sana kuliko uso wake, kikakauka kikiwa bado katikati kuna unyevu. Kata sehemu iliyopasuka ukiweza, paka kichwa rangi nzito au nta, na safari nyingine paka vichwa vyote siku mbao zinapofika karakana.

Kifuniko kimebinuka, maji yanatuama

Kifuniko kikijikunja kama mtaro, kingo juu na katikati chini, uso wa chini una unyevu mwingi kuliko wa juu, au uliwahi kuwa nao. Kwenye sanduku la nje sababu hazipungui tatu, na kwa kawaida zinakuja pamoja: jua linakausha juu, matakia yaliyolowa yanatoa mvuke chini, na fundi alipaka vanishi upande unaoonekana tu. Hii ya mwisho ndiyo ninayoikuta zaidi, na inaniumiza kwa sababu kuizuia kunagharimu kopo nusu la vanishi. Uso wa chini uwe na idadi ileile ya mipako kama wa juu. Ndani ya sanduku pia.

Kabla ya kuamua, jaribu hivi. Toa kifuniko, kiweke kivulini juu ya fito mbili, hewa ipite juu na chini, siku tatu. Kikinyooka au kupungua sana, ni unyevu usio sawa tu. Kipake pande zote, toboa matundu ya hewa kwenye sanduku, rudisha. Kisiponyooka, jaribu njia ya wazee: laza upande ulioingia ndani juu ya nyasi zenye umande, mgongo utazame jua la asubuhi. Upande wa chini unakunywa, wa juu unakauka, na ubao unarudi mbele ya macho yako. Kaa karibu. Nimewahi kukiacha hadi saa saba mchana nikakikuta kimepinda upande wa pili.

Kama hata hivyo kinakataa, tazama vichwa. Mbao zenye pete zilizolala zikikauka, pete hizo hujaribu kujinyoosha, na ubao hubinuka kuelekea upande wa gome. Huo ni umbo lake jipya. Upasue katikati kwa urefu, piga randa kingo, gundisha tena ukiwa vipande viwili vyembamba. Ubao wa inchi 4 ukibinuka unabinuka kidogo sana kuliko wa inchi 8.

Kusokoteka, ambako kona moja inanyanyuka na nyingine tatu zimekaa, ni tatizo jingine, na sitakupotezea muda. Weka fito mbili zilizonyooka juu ya ubao, moja kila mwisho, chungulia kwa jicho moja. Zisipolala sambamba, ubao umesokoteka. Mara nyingi ni paini changa iliyokatwa na moyo wa mti ndani yake. Mawe hayaunyooshi. Badilisha.

Kona za fremu zimefunguka

Kwa kona zilizokatwa nusu pembe, kila kipande digrii 45, mwanya wenyewe unakwambia msimu. Ukifunguka upande wa ndani wa kona, mbao zimesinyaa upana baada ya kuungwa. Ukifunguka upande wa nje, zimevimba. Hakuna gundi itakayoshika kona hizi nje miaka mingi, hasa mbao zikiwa pana. Ikiwa fremu ina upana unaozidi inchi mbili, iunge kwa ulimi na tundu, kipande kimoja kiingie ndani ya kingine, na utoboe kupitisha kijiti cha mbao ngumu.

Paneli iliyo ndani ya fremu ikae huru. Mfereji wa kina cha milimita 12, paneli iingie 8 tu, ibaki nafasi pande zote. Iguse kwa msumari mwembamba katikati juu na katikati chini, ili isinyae kutoka katikati kwenda pembeni. Mteja akilalamika kwamba paneli inagonga upepo ukivuma, kata ukanda mwembamba wa ndala kuukuu, uchomeke mferejini pande mbili. Unabonyea mbao ikipanuka na kurudi ikisinyaa. Na ipake paneli rangi kabla ya kuifunga kwenye fremu. Ule mstari mweupe unaotokea pembezoni mwa paneli kila kiangazi ni mbao isiyopakwa iliyojificha mferejini ikatoka.

Skrubu zimelegea, mbao ina madoa meusi

Msumari unaochomoka kidogo kidogo umesukumwa. Mbao inavimba na kusinyaa kuuzunguka, kila msimu unapanda nusu milimita. Kuugonga tena ni kupoteza muda, tundu limeshapanuka. Weka skrubu, nene kidogo, pembeni ya tundu la zamani.

Doa jeusi kuzunguka skrubu ni chuma kinachokutana na unyevu na dawa ya asili iliyomo ndani ya mbao. Karibu na bahari, chumvi inaharakisha. Skrubu ya kawaida ikishakula kutu hukatika wakati mbao inaposogea, na mteja anaona mlango umeanguka bila sababu. Pwani tumia skrubu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Ni ghali, lakini kwa mlango wenye mbao tano na mbao tatu za kukingama unahitaji skrubu kumi na tano tu ukifuata utaratibu wa skrubu moja moja.

Miguu, na kabati la gesi

Mguu uliosimama juu ya saruji unanyonya maji kwa kichwa chake kama utambi. Inchi tatu za chini zinavimba, zinapasuka, na mchwa wanapata mlango. Geuza samani, paka vichwa vya miguu epoksi hadi viache kunywa, kisha viweke juu ya vipande vya plastiki ngumu.

Kabati la mtungi wa gesi ninalitaja peke yake kwa sababu ya hatari. Mbao zikisinyaa, watu huziba mianya kwa silikoni ili paka au panya wasiingie. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Mianya ya chini ya kabati hilo isizibwe kamwe. Kama panya wanasumbua, weka wavu.

Mbao yenyewe ilikuwa tayari?

Kasoro tatu kati ya hizi zikitokea pamoja ndani ya miezi mitatu ya kwanza, chanzo huenda si muundo. Uliunganisha mbao mbichi. Paini iliyotiwa dawa hasa inadanganya: kiwandani imesukumiwa dawa yenye maji kwa shinikizo, kwa hiyo hata kama iliwahi kukaushwa, inafika dukani imelowa tena. Ukiiona inatoa rangi ya kijani kwenye kiganja, haijawa tayari.

Kama huna kipima unyevu, tumia mizani ya duka. Panga mbao chini ya paa, vijiti vya unene mmoja kati ya kila tabaka, vikae kimoja juu ya kingine kwa mstari mmoja. Chagua ubao mmoja, uupime uzito kila Jumamosi, andika juu yake. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, mbao imefikia hewa ya pale ulipo. Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye kichwa, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usibadilike tena, kipime. Gramu 230 zikibaki 200, maji yalikuwa 30; gawanya kwa 200, umepata asilimia 15. Kwa kazi itakayobaki Tanga, hiyo ni nzuri. Kwa kazi ya Dodoma, iache ikauke zaidi au jenga ukijua unyevu wake utashuka kwa asilimia 5.

Ndivyo nilivyofanya safari ya pili. Septemba nilipanda basi kwenda kulitazama lile sanduku. Nilifungua mbao zote za kukingama, nikapitisha msumeno juu ya ufa kwa urefu wote wa kifuniko ili nipate kingo mbili safi, nikagundisha kwa epoksi na kukaza kwa klampu usiku kucha. Asubuhi kifuniko kilikuwa na upana wa milimita 591. Nikarefusha matundu kumi na mawili ya pembeni, skrubu mbili za katikati kwenye kila mbao ya kukingama zikabaki kwenye matundu yake ya duara, nikapaka mafuta pande zote mbili na ndani ya sanduku, nikaandika namba na tarehe kwa penseli chini ya kifuniko. Nikamwonyesha dada yule mahali pa kupimia.

Februari, mvua zikiwa zimeshika Dodoma, alinitumia picha ya futikamba. Milimita 594. Kwenye skrubu za pembeni kulikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa, pale washa zilipoteleza.